"Go off": kengele imelia au imezimika?

Chukua sentensi hii ya Kiingereza, fupi na ya kawaida kabisa: "When the power went off, the alarm went off." Kitenzi ni kilekile, wakati ni uleule. Mwingereza akiisikia hababaiki hata kidogo: umeme ulipokatika, king'ora kikaanza kulia. Msomaji aliyezoea kuwa "off" ni kuzima atasema vyote viwili vimezimika, na atakuwa amekosa nusu ya sentensi, tena ile nusu yenye hatari.

Kosa hili lina chanzo chake. Neno "off" tulilipokea kupitia swichi. Lilikuwa limeandikwa kwenye redio, kwenye pasi, kwenye jiko la umeme, nasi tukalichukua na kazi hiyo moja. Simu iliyozimwa "iko ofu". Nesi au mlinzi asiye na zamu husema "leo niko ofu". Kwa hiyo akili ikikutana na "go off" hujumlisha haraka: kwenda, kuzima, basi ni kuzimika. Kwa kuwa mara nyingine jumla hiyo hutoka sawa, mtu hapati sababu ya kuishuku.

Kwenye Kiingereza chenyewe, "off" ni neno kongwe kuliko swichi yoyote. Zamani lilikuwa neno moja na "of", likitamkwa kwa mkazo, kisha tahajia ikayatenganisha. Maana yake ya msingi ni kutoka, kubanduka, kuacha mahali ulipokuwa. Ndiyo maana "go off" kwanza kabisa ni kuondoka. Mtu huondoka mahali. Kitu huondoka kwenye hali yake.

Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya fundo imefunguka. Kabla ya kutafsiri, jiulize kitu kinachozungumziwa huwa katika hali gani. King'ora kazi yake ni kukaa kimya kikisubiri, kwa hiyo kikiuacha ukimya kinalia. Bomu limetulia, likiacha kutulia linalipuka. Taa inayotumika inawaka, ikiacha kuwaka imezimika. Maziwa ni mazuri, yakiacha kuwa mazuri yamechacha. Maana haikai kwenye kitenzi, inakaa kwenye nomino iliyotangulia. Jambo hili si geni kwetu: hakuna anayedhani kupiga pasi, kupiga simu na kupiga mswaki ni kazi moja, kwa sababu tumezoea kuiachia nomino iamue.

Vinavyolia, vinavyolipuka

Hili ndilo kundi la kujifunza kwanza, maana ukilikosea unaweza kuumia. Ukutani hotelini, melini au kwenye nyumba ya kulelea wazee utakuta maneno haya: "If the fire alarm goes off, leave by the nearest exit." Yaani king'ora cha moto kikilia, toka kwa mlango ulio karibu. Anayeelewa "kikizimika" atakaa ndani kinapolia na kusubiri kinyamaze.

Kuna na tangazo la jaribio. Majengo mengi ya kazi Uingereza hujaribu king'ora mara moja kwa wiki, siku na saa ileile, na karatasi mlangoni husema: "The alarm will go off at 10 a.m. on Tuesday. No action is required." Kitalia Jumanne saa 4 asubuhi, usihangaike. Msamaha huo ni wa mlio wa saa hiyo tu. Kikilia saa 6 mchana, au kikiendelea kulia baada ya jaribio, uhesabu ni moto na utoke.

Kidude cha kunusa moshi kwenye dari nacho kina mitego yake. Betri yake ikikaribia kuisha, hutoa mlio mfupi mmoja, kisha kikanyamaza kwa nusu dakika au dakika nzima, kisha kikarudia. Mlio huo Waingereza hawauiti "going off". Husema "it's chirping" au "it's beeping". Mpangaji akimwandikia mwenye nyumba "the smoke alarm keeps going off", mwenye nyumba anaelewa kuwa kinalia kwa nguvu kana kwamba kuna moshi, na atauliza habari za jikoni badala ya kuleta betri.

Simu ndiyo inayowachanganya watu wetu wengi zaidi. Mfanyakazi amekosa simu ya bosi kwa sababu chaji iliisha, naye anaandika: "Sorry, my phone went off." Anakusudia kusema ilizimika. Bosi wa Uingereza au Marekani anasoma kwamba simu ililia. Sasa anashangaa: ililia, basi mbona hukupokea? Sentensi inayotakiwa ni "my phone died", au "my battery ran out", au kama uliizima mwenyewe, "my phone was off". Kwa upande mwingine, "his phone went off in church" ni simu iliyolia katikati ya ibada, watu wote wakageuka. Na udhuru maarufu wa kuchelewa kazini, "my alarm didn't go off", maana yake saa ya kuamsha haikulia. Ukiusoma kama "haikuzimika", udhuru unageuka kichekesho.

Kwa bunduki, Kiswahili kina jozi inayolingana nayo barabara: kufyatua na kufyatuka. "He fired the gun" ni aliifyatua. "The gun went off" ni ilifyatuka, na aliyeigusa hatajwi. Angalia maelezo ya washtakiwa na mashahidi mahakamani utaona kwa nini kitenzi hiki kinapendwa: risasi inatoka, lakini hakuna kidole. Mwandishi wa habari anayetafsiri kesi akiandika "alifyatua" mahali palipoandikwa "went off" ameshatoa hukumu kabla ya hakimu.

Huko kwenye bunduki ndiko ulikotoka msemo "go off half-cocked". Gumegume, bunduki ya kale ya kuwasha baruti kwa jiwe, ina nyundo inayoshika jiwe hilo. Nyundo hiyo huvutwa hatua mbili: nusu, ambapo imefungwa ili mtu atie baruti kwa usalama, halafu mpaka mwisho, tayari kwa kupiga. Ikifyatuka ikiwa bado imevutwa nusu, risasi imetoka kabla ya kulengwa. Mtu anayezungumza au kuchukua hatua kabla hajajiandaa huambiwa ndivyo alivyo, na msemo bado unatumika sana kwenye siasa na ofisini.

Nani amekifanya kilie?

"Go off" haina yambwa, yaani kitu kinachotendwa, inapohusu kulia, kulipuka au kuzimika. Huwezi kusema "I went off the alarm" wala "they went off the bomb", na huwezi kuigeuza kauli ya kutendwa: "the bomb was gone off" ni kosa. Kiswahili humaliza jambo hili ndani ya kitenzi kwa kubadili mwisho, lipuka ikawa lipua, zimika ikawa zima. Kiingereza hakina ufundi huo hapa, kwa hiyo kinaleta kitenzi kingine kabisa, na kila maana ina chake.

Kwa kengele na mabomu ni "set off". "The toast set off the alarm": mkate ulioungua ulikiamsha king'ora. Uwanja wa ndege utaambiwa mkanda wako "may set it off", yaani unaweza kukifanya kile kilango kilie. Kwa fataki Waingereza husema pia "let off". Kwa taa na mashine ni "turn off" au "switch off". Kwa hamu na mapenzi, maana ambayo tutaifikia sasa hivi, ni "put off": "The smell put me off fish", harufu ilinikinaisha samaki. Hivyo "set off the alarm" na "turn off the alarm" ni vinyume kamili, wa kwanza kakiamsha, wa pili kakinyamazisha, ingawa kwa mwanafunzi vyote viwili vinaishia na "off" ileile.

"Is off" si "has gone off"

Hapa hata waliosoma sana huteleza. Mtu angetarajia kwamba kitu "kilichokwenda off" sasa "kipo off". Kwa taa ni kweli: "the light has gone off", kwa hiyo "the light is off". Kwa maziwa pia: "the milk has gone off" na "the milk is off" yote ni kuchacha. Kwa king'ora sivyo. "The alarm is off" ni kimezimwa. "The alarm has gone off" ni kimelia. Mlinzi anayepokea zamu akichanganya hizi mbili ataandika kwenye daftari kinyume cha kilichotokea usiku.

Harusi ni mbaya zaidi. "The wedding is off": haipo tena, imefutwa. "The wedding went off well": imefanyika, tena vizuri. Tofauti inatokana na "off" mbili zisizo na njia moja. Ya kwanza ni ya ratiba: jambo lilikuwa "on", sasa limeondolewa. Ya pili ni ya mwendo: shughuli iling'oa nanga, ikaenda mpaka mwisho. Kuna alama ya kuitambua hii ya pili. Tukio likiwa ndiyo kiima, "go off" haikai peke yake. Lazima ifuatwe na neno linaloeleza namna, kama "well", "smoothly", "as planned", au ule msemo uliozoeleka, "without a hitch", bila kikwazo chochote. Ukiona neno la namna, shughuli imefanyika.

Na mkahawani Uingereza mhudumu akikuambia "the fish is off today", usikimbie. Anaweza kuwa anasema tu kwamba samaki leo hayupo kwenye orodha. Samaki angekuwa ameoza, mhudumu asingekutangazia.

Kuchacha, kukinai, kushika

"Go off" ya chakula ni ya Uingereza, Ayalandi, Australia na jirani zao. Mmarekani atasema "gone bad" au "spoiled", na anaweza kukukodolea macho ukimwambia "the chicken went off". Hata huko Uingereza haifai kwa kila chakula. Maziwa, krimu, nyama, samaki na kiporo cha wali huenda "off". Mkate uliokauka ni "stale", wenye ukungu ni "mouldy", siagi iliyoharibika ni "rancid", na soda iliyoisha gesi ni "flat".

Usiichanganye na kupita tarehe. Kwenye pakiti za Uingereza kuna tarehe za aina mbili: "use by" inahusu usalama, "best before" inahusu ubora tu. Biskuti iliyopita "best before" bado haijawa "off". Maziwa yaliyoachwa nje ya friji mchana kutwa yanaweza kuwa "off" hata kama tarehe yake haijafika. Jambo moja linasomwa kwenye karatasi, jingine linanuswa, na ndiyo maana mtu anayeonyesha pakiti na kusema "it's gone off" wakati hajaifungua ametumia neno visivyo.

Maana ya kukinai inafanana na ya chakula kwa sura, lakini muundo wake ni mwingine. Sasa "off" inafuatwa na yambwa. Linganisha kwa makini sentensi hizi mbili, hasa wewe unayefanya kazi ya kulea wazee:

"Her food has gone off." Chakula chake kimechacha.

"She has gone off her food." Hamu ya kula imemwishia.

Maneno karibu ni yaleyale. Kilichobadilika ni nani aliyetangulia. Ya kwanza inakutaka umwage chakula. Ya pili inakutaka umwambie nesi, kwa sababu mzee anayeacha kula ghafla huenda anaumwa. Kwenye nyumba hizohizo utasikia na "he's gone off his legs", au kwa kifupi "off legs" kwenye karatasi za hospitali. Haihusu kukatwa miguu. Ni mtu aliyekuwa akitembea, sasa hawezi kusimama au kutembea, na mara nyingi chanzo hakiko miguuni kabisa: huweza kuwa maambukizi au dawa. Kuiandika "anaumwa miguu" kwenye ripoti ni kumpeleka daktari mahali pasipo na tatizo.

Muundo huohuo hutumika kwa watu na vitu tulivyovipenda. "I've gone off coffee", kahawa nimeikinai. "She's gone off him", hamtaki tena, mapenzi yamekwisha. Yambwa hapa haisogei: husema "I've gone off it", kamwe si "I've gone it off". Na maana hii haihitaji sababu wala ugomvi. Ukisema umekinai, hakuna anayekudai maelezo, jambo linalofanya kitenzi hiki kiwe cha adabu kuliko "I hate it".

Mafundi ujenzi wa Uingereza wana "go off" yao, ambayo vitabu vingi vya wanafunzi vinairuka. Kwao ni kushika, kwa saruji, plasta, zege, na hata gundi zile za kuchanganya chupa mbili. "Has it gone off yet?" ni swali la kama limeshashika ili kazi iendelee. "Leave it till it's gone off" ni acha mpaka likaze. "Hurry up, the mix is going off" ni onyo kwamba mchanganyiko unaanza kugandia kwenye ndoo, na joto huharakisha mambo. Fundi mgeni anayedhani ameambiwa mchanganyiko umeharibika ataumwaga. Anayedhani ameambiwa uongezwe maji atafanya vibaya zaidi, kwa kuwa kuongeza maji kwenye saruji iliyokwisha kuanza kushika huipunguzia nguvu. Ajabu iliyopo ni kwamba kwenye ukuta "gone off" ni habari njema, lakini ikisemwa juu ya mfuko uliokaa kwenye unyevu stoo, maana yake mfuko umegandia na fedha imepotea.

Watu wanaoondoka

Hapa njia ni nyepesi. "She went off without saying goodbye": kaenda zake bila kuaga. Ukilinganisha na "go" tupu, "go off" inamtazama mtu kutoka kwa waliobaki. Kinachofuata ndicho cha kuangalia. "Go off to" hutaja aendako. "Go off with" ikifuatwa na mtu ni kuondoka naye, mara nyingi kwa kumwacha mume au mke. Ikifuatwa na kitu ni kukichukua bila ruhusa, kwa wizi au kwa kusahau, kama "someone's gone off with my pen". "He went off on me" ni ya Kimarekani: alinifokea. Waaustralia hupendelea "at" mahali pa "on". Mwingereza akisema "he went off on one" anasema mtu alianza kubwata bila kukoma, na hiyo "one" haina kitu inachokirejelea, usiitafute. Kwa mtoto mchanga, "he's just gone off" ni ameshalala; nyamaza.

Mitandaoni utakutana na "go off!" ikiwa ni sifa, kumwambia mtu aendelee kung'ara, na ndugu yake "but go off, I guess", ambayo ni kejeli: endelea tu kujisemea. Sehemu yenye starehe iliyochangamka nayo "is going off". Hizi zitabadilika kesho, hazistahili kukesha nazo.

Kwenye ripoti ya kazi, heri usiitumie "go off" kabisa, hata kama unaijua. Kengele iandikie "sounded" ililia na "was reset" ilirudishwa kimya. Umeme uandikie "failed", bunduki "discharged", chakula "spoiled". "Fire alarm sounded at 02:10, reset at 02:25, no smoke found" haimpi nafasi ya kukosea Mwingereza, Mmarekani, wala mwenzako wa Mombasa atakayepokea zamu saa 1 asubuhi.